Ndovu Aliyezoea Watu: Amana, Khatari na Nasaha kwa Vijana Wetu Walioko Kidatu

Sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa viumbe vyote, wanaotembea kwa miguu miwili na wanaotembea kwa minne. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), Aali zake, Maswahaba zake na kila anayefuata uongofu wao.

Amma ba'ad,

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtoto, ndugu au shemeji anayetafuta riziki bara. Wengine wamefika hadi bonde la Kilombero, wakafanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu, au biashara ya mpunga wa Ifakara, au udereva na ufundi. Wanapopiga simu nyumbani, na wanaporudi kwa Iddi, huja na khabari za ndovu, au tembo kama wanavyomwita wenyeji wa huko: ndovu kavuka barabara, ndovu kaingia shambani usiku, ndovu kapigwa picha kwa simu akiwa hatua chache tu. Na mara nyingi huja na neno hili: "Wale wameshatuzoea."

Neno hili ndilo lililotufanya tuandike. Wazazi wanauliza kama ni kweli ndovu akishazoea watu huwa salama. Wengine wanauliza kama inajuzu kisharia kumfuga ndovu na kumfanyisha kazi, kama tunavyoona katika video za kutoka India na Thailand. Yote mawili yana jibu, na jibu la moja linasaidia kulifahamu la pili.

Hali ya Kidatu ilivyo

Kidatu ipo Mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Udzungwa, pale Mto Ruaha Mkuu unapoteremka kuingia bondeni. Hapo kuna bwawa na mtambo wa umeme wa megawati 204, mashamba makubwa ya miwa na viwanda vya sukari, na reli ya TAZARA inayokwenda Mang'ula, Ifakara na kuendelea. Upande mmoja wa bonde ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Upande wa pili ni nchi ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Ndovu walikuwa wakivuka bonde hili kutoka upande mmoja kwenda wa pili kabla ya kuwepo barabara, reli, miwa wala mpunga. Watu walipoongezeka, njia zao zikafungwa moja baada ya moja. Wakati huohuo ujangili uliwamaliza. Katika miaka ya 1970 nchi ya Selous ilihesabiwa kuwa na ndovu zaidi ya 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta kiasi cha 13,000 tu. Waliobakia wengi wameona wenzao wakiuawa. Katika miaka ya karibuni juhudi zimefanywa kuwarejeshea njia yao, kinachoitwa ushoroba, katika eneo la Mang'ula, pamoja na kivuko cha chini ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara ili wapite bila kukutana na magari.

Kwa hiyo lifahamike mapema: hakuna ndovu wa kufugwa Kidatu. Ndovu wa huko ni wa mwituni. Hana mmiliki wa kumwita, hana kamba, hana mchungaji. Lakini kijana anayesema "wametuzoea" anamchukulia kama wa kufugwa. Basi ni bora tuwatazame wale waliowafuga kweli, wakalala nao na kula nao, tuone wao walipata nini.

Ndovu wa kufugwa aliyetajwa katika Qur-aan

Watoto wetu huisoma Suuratul-Fiyl chuoni wakiwa wadogo. Pengine hatuwaambii kwamba ndovu yule alikuwa wa kufugwa. Alitoka Yemen akiwa na waendeshaji wake, katika jeshi la Abrahah lililokuja kuivunja Ka'abah, mwaka ambao aghlabu ya wanachuoni wanasema ndio aliozaliwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam).

Wapokezi wa Siyrah, miongoni mwao Ibn Is-haaq, wanaeleza kwamba jina la ndovu yule lilikuwa Mahmuud. Walipomwelekeza Makkah alipiga magoti. Wakampiga kichwani, wakamchoma kwa vyuma vyenye ncha, akakataa. Wakamgeuza upande wa Yemen, akasimama na kwenda mbio. Wakamgeuza Shaam, akaenda. Wakamrudisha Makkah, akapiga magoti tena. Na siku ya Hudaybiyah, ngamia wa Mtume aliposimama akakataa kuendelea, Mtume aliwafahamisha Maswahaba kwamba hiyo si tabia ya ngamia huyo, bali amezuiliwa na Yule Aliyemzuia ndovu.

Imepokewa pia kutoka kwa Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) kwamba aliwaona Makkah mwendeshaji wa ndovu yule na mchungaji wake, wote wawili vipofu, wamelemaa, wakiomba watu chakula.

Katika kisa hiki mna mazingatio yanayohusu mada yetu. Ndovu aliyefundishwa, mwenye jina, mwenye watu wake, alifika mahali ambapo fimbo na chuma havikufaa kitu. Utiifu wake kwa binaadamu ulikuwa ni wa kuazimwa tu. Ndiyo maana tumefundishwa du'aa ya kupanda kipando iliyomo katika Suuratuz-Zukhruf: tunamtakasa Aliyetutiishia kipando hicho, na tunakiri kwamba sisi wenyewe tusingekiweza. Mwenye kuifahamu du'aa hii hamwambii mtu kwamba mnyama "ameshakuwa wangu."

Ndovu wanne walioshushwa Msasani

Katika historia ya pwani yetu kuna kisa ambacho wengi hawakijui. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitaka kufungua njia ya kwenda maziwa makuu. Ng'ombe na punda walikuwa wakifa kwa mbung'o, na mizigo yote ikabebwa na wapagazi kichwani. Akashauriwa ajaribu ndovu wa India, waliokwishafundishwa kazi.

Ndovu wanne wakaletwa kwa meli pamoja na wachungaji wao wa Kihindi, wakiongozwa na mtu wa Ireland aliyeitwa Frederick Carter. Wakashushwa kwenye ghuba ya Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakati nchi hiyo ya pwani ikiwa chini ya Sayyid Barghash wa Zanzibar. Meli haikuweza kufika ufukweni, basi wanyama wakateremshwa baharini na kuogelea hadi nchi kavu. Kisha safari ikaanza kuelekea Mpwapwa, na kutoka huko hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika.

Waliitikia kazi. Walivuka mito, walipita msituni, walikula majani ya njiani na kubeba mizigo ya watu wengi kwa wakati mmoja. Lakini hawakuzoea kula majani peke yake. Kwao walikuwa wakipewa nafaka, na mizigo waliyobebeshwa ilikuwa mizito kuliko walivyostahamili. Wakaanguka mmoja mmoja njiani. Kati ya wanne, alifika Karema mmoja tu, jike aliyeitwa Pulmalla, naye hakuishi muda mrefu. Carter mwenyewe aliuawa vitani mwaka 1880 alipokuwa akirudi pwani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ndovu hawa hawakufa kwa ukaidi. Walikufa wakiwa watiifu. Mnyama mtiifu hawezi kukuambia kwamba amechoka mpaka anapoanguka, na hapo ndipo ilipo amana ya mwenye kumwendesha.

Hadithi aliyoipokea Abu Daawuud kutoka kwa 'Abdullaah bin Ja'far (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) inatufahamisha hivyo hivyo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliingia katika bustani ya mtu wa Answaar, na ngamia aliyekuwamo alipomwona alilia na macho yakamtoka machozi. Mtume akampangusa mpaka akatulia. Kisha akamuuliza mwenyewe kama hamwogopi Allaah kwa mnyama Aliyemmilikisha, kwani ameshitaki kwamba anashindishwa na njaa na kuchoshwa kwa kazi.

Waliolala nao: Kongo na Kenya

Wabelgiji hawakukata tamaa. Kuanzia mwaka 1899 na 1900 afisa wao aliyeitwa Laplume alianza kukamata ndovu wadogo wa Afrika kaskazini ya Kongo na kuwafundisha. Baadaye kazi hiyo ikawa na kituo chake maarufu Gangala na Bodio, karibu na mahali ilipo Hifadhi ya Garamba. Watu walikuwa wakisema ndovu wa Afrika hafundishiki. Kituo kile kilionesha kwamba anafundishika: alilima kwa jembe la kukokota, alivuta magari ya mizigo na magogo. Wachungaji walikaa na watoto wa ndovu mchana na usiku, wakawaimbia, wakawalisha kwa mikono, na ndovu wakubwa waliokwishafundishwa waliwekwa pembeni yao wawatulize.

Lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Ili kumpata mtoto ilibidi mama yake auawe au afukuzwe kwa risasi. Wengi katika watoto hao walikufa siku za mwanzo. Ndovu hubeba mimba kiasi cha miezi 22, na mtoto hunyonya miaka miwili na zaidi. Kumtenga na mama yake ni kumvunja.

Na sisi tuna mafundisho yaliyo wazi juu ya hili. Katika Hadithi ya Abu Daawuud, Maswahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama akaja akipigapiga mbawa kwa huzuni. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu machungu kwa watoto wake, na akaamrisha arudishiwe. Ikiwa hivyo ni kwa ndege mdogo, basi yule anayemlilia mtoto wake kwa siku nyingi tumchukuliaje?

Upande wa Kenya kisa ni cha namna nyingine. Bibi Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alilea Nairobi na Tsavo watoto wa ndovu waliopoteza mama zao kwa ujangili, ukame na visima. Kwa miaka mingi alishindwa kuwanusuru wachanga, kwa sababu maziwa ya ng'ombe yaliwadhuru. Alipata njia alipotengeneza maziwa yenye mafuta ya nazi, nazi hii hii tunayoikuna majumbani mwetu. Wa mwanzo kumlea kwa njia hiyo alimpa jina la Aisha.

Aisha alinawiri. Lakini alikuwa amemshika mtu mmoja tu. Mwaka 1974 mlezi wake alisafiri kwa muda mfupi kwa ajili ya harusi ya binti yake. Aisha akaacha kula, na mlezi aliporudi hakuwahi kumwokoa. Tangu hapo ikawa kanuni katika kazi hiyo: mtoto wa ndovu asilelewe na mtu mmoja. Wachungaji hulala bandani naye kwa zamu, leo huyu, kesho yule, ili moyo wake ufungike na kundi zima asije akafa kwa kuondoka mmoja. Anapokua hupelekwa Tsavo, akajichanganya na ndovu wa porini kwa hiari na wakati wake mwenyewe. Kwa njia hiyo hiyo wanaendesha Wasamburu katika kituo chao cha Reteti kilichoanzishwa mwaka 2016, ambako baadaye walianza kutumia maziwa ya mbuzi wa wanavijiji wenyewe.

Tunaona hapa kwamba mapenzi ya ndovu kwa mtu ni ya kweli. Hatusemi kwamba mnyama huyu hana hisia. Tunasema kwamba mapenzi yake ni dhima. Anayeufunga moyo wa kiumbe kisha akamwacha, amemdhulumu kama aliyemnyima chakula.

Kwa nini mazoea hayaondoi khatari

Sasa tuje kwenye neno la vijana wetu. Sababu za ndovu kubaki khatari hata akiwa amezoea ni hizi:

1. Umbo lake. Dume mkubwa wa Afrika hufikia tani sita. Hata akitaka kucheza, mchezo wake ni mauti kwa binaadamu. Wachungaji wengi wa India na Sri Lanka wameuawa na ndovu waliowajua kwa miaka, wengine kwa kubanwa tu baina ya mnyama na ukuta.

2. Kipindi cha ukali wa dume. Dume aliyekomaa huingia kila mara katika hali ambayo Wahindi huiita kwa neno la Kifursi lenye maana ya ulevi. Damu yake hujaa homoni za kiume, maji mazito humtoka kwenye tezi baina ya jicho na sikio, na hutonatona mkojo akienda. Wakati huo hamjui rafiki. Watu walidhani jambo hili ni la ndovu wa Asia tu, mpaka watafiti wa Amboseli, Kenya, walipolithibitisha kwa ndovu wa Afrika mwaka 1981. Dume uliyempiga picha mwezi uliopita akiwa mtulivu, mwezi huu si yule.

3. Kumbukumbu zake. Utafiti mwengine wa Amboseli, uliotangazwa mwaka 2014, ulionesha kwamba ndovu hutofautisha watu kwa sauti zao. Waliposikilizishwa sauti za wanaume wa Kimasai, ambao huwachoma mikuki, walikusanyika na kuondoka kwa khofu zaidi kuliko waliposikia sauti za wanaume wa Kikamba, na hawakuogopa hivyo sauti za wanawake na watoto. Ndovu wa Selous wameona bunduki. Hujui sauti yako inamkumbusha nani.

4. Makosa ya mtu mwenyewe. Bibi Sheldrick, aliyeishi na ndovu umri wake wote, alikutana Tsavo na jike akamdhani ni Eleanor, ndovu aliyemlea. Akamsogelea kwa mapenzi. Hakuwa Eleanor, alikuwa wa porini. Alimrusha juu ya mawe na kumvunja mguu vibaya. Ikiwa aliyewalea kwa miongo kadhaa alikosea kumtambua mmoja, basi mkata miwa wa msimu mmoja atajuaje kwamba huyu aliyesimama gizani ni yule "anayetujua"?

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Aghlabu anayeumizwa na ndovu ni yule aliyeacha kumwogopa.

Hukumu za Kisharia

Tumefupisha masuala yanayoulizwa sana, kwa mujibu wa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy (Rahimahu Allaah) yaliyoenea visiwani kwetu.

*Je, inajuzu kumfuga ndovu na kumfanyisha kazi?* Kwa asili inajuzu. Mafaqihi wa Kishaafi'iy wamemtaja ndovu miongoni mwa wanyama ambao kuwauza kunaswihi kwa sababu wana manufaa, kama alivyo nyuki kwa asali. Lakini anayemmiliki analazimika kumpa chakula, maji na mapumziko. Akishindwa, hulazimishwa amlishe au amuuze. Ndovu mkubwa hula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku na kunywa maji mengi mno. Asiyeweza hayo hana rukhsa ya kumshika. Na mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula, Hadithi yake tunaijua sote.

*Vipi ndovu wa Tanzania?* Kwa sheria ya nchi wanyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwakamata au kuwaua bila ya kibali. Sheria hii inalinda maslahi ya watu na haiamrishi maasi, hivyo kuifuata ni wajibu kwa Muislamu. Haifai kumchukua mtoto wa ndovu, hata kwa nia ya huruma.

*Nyama yake?* Kauli ya madhehebu, kama alivyoeleza Imaam An-Nawawiy katika Al-Majmuu', ni kwamba ni haramu, kwa kuwa ni mnyama mwenye meno ya kushambulia. Anayeletewa nyama ya magendo asidanganyike kwa kuambiwa imechinjwa.

*Pembe zake?* Kwa Mashaafi'iy ni najisi na hazifai kuuzwa; Imaam Abu Haniyfah ana kauli ya kuwa ni twahara. Lakini leo, juu ya khilafu hiyo, kuna dhulma ya kuuwa, kuvunja sheria na kula mali ya umma. Visiwa vyetu vilikuwa soko kubwa la pembe karne ya 19. Isiwe bandari zetu na vijana wetu ndio njia yake karne hii.

*Akiharibu shamba au kumuua mtu, nani anadaiwa?* Mnyama mwenye mmiliki ana hukumu zake: mafaqihi wametofautisha mchana na usiku, na aliyekuwa naye na asiyekuwa naye, na mwenye mnyama mkali anayejulikana kwa ukali huwajibika asipomfunga. Ama ndovu wa mwituni hana mwenyewe wa kudaiwa diya wala fidia. Serikali, kwa kanuni za mwaka 2011, imeweka malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa roho na majeraha. Kuyapokea hakuna ubaya. Lakini anayeongeza ekari katika hesabu yake, au kumbebesha ndovu hasara ambayo si yake, amesema uongo na amekula mali kwa batili.

*Anayemlisha ndovu karibu na mashamba?* Anamvuta mnyama kwenye chakula cha watu wengine. Usiku wa pili ndovu atarudi, na hatauliza nani alimrushia miwa. Anayefanya hivyo kwa mchezo ana sehemu katika madhara yatakayompata jirani yake, na Uislamu umekataza kudhuru na kulipizana madhara.

Nasaha kwa walioko Kidatu na kwa wazazi wao

Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Ametukataza katika Suuratul-Baqarah tusijitie wenyewe katika maangamizi. Na yule Swahaba aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Kwa hiyo:

- Msisogelee ndovu kwa ajili ya picha. Picha ya karibu haina thawabu, na inaweza kuwa ya mwisho kuiona mama yako.
- Msiingie shambani alfajiri na mapema au usiku peke yenu. Nendeni wengi, mkiwa na tochi, na msimkate ndovu njia. Mkimwona, rudini nyuma taratibu mkiwa mbali, wala msimrushie mawe wala vijinga vya moto.
- Msisimame baina ya mama na mtoto. Mtoto akionekana peke yake, mama yake yupo.
- Mtoto wa ndovu aliyepotea kweli, mjulisheni mwenyekiti wa kijiji au askari wa wanyamapori. Msimpe maziwa ya ng'ombe. Tumeona kwamba hayo humuua.
- Msijenge wala msilime juu ya ushoroba, hata kama ardhi inauzwa rahisi. Rahisi yake ina sababu.
- Mwenye shamba pembezoni mwa hifadhi afikirie uzio wa mizinga ya nyuki, kama uliowekwa na wakulima wa Mang'ula. Ndovu humkimbia nyuki, na mkulima hupata asali. Mnyama mkubwa kabisa wa nchi kavu anarudishwa nyuma na mdudu. Mwenye kuisoma Suuratul-Fiyl hatashangaa.
- Shamba likiharibiwa, toeni taarifa siku ile ile kwa ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori, kabla ya alama kufutika.

Na nyinyi wazazi, mtoto anapotuma video ya ndovu, msimsifu kwa ushujaa. Muulizeni alikuwa umbali gani. Muulizeni anarudi saa ngapi kutoka shambani, na anarudi na nani. Mashujaa wa namna hii ndio wanaorudishwa nyumbani wakiwa wamefunikwa, na familia ikabaki kuuza kiwanja ili walipe gari la kumsafirisha na madeni yake.

Khatima

Allaah Ameeleza katika Suuratul-An'aam kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao ni umma kama sisi. Umma huishi na umma mwenzake kwa kila mmoja kujua mpaka wake. Waliowafuga ndovu kwa uadilifu walijifunza mambo mawili: kwamba mnyama huyu hupenda kweli, na kwamba mapenzi yake hayamfanyi kuwa milki yetu. Aliyemfunga ana deni la kumlisha na kumpumzisha mpaka mmoja wao afe. Na sisi ambao hatukumfunga, tunaopita tu kando ya njia yake huko Kidatu na Mang'ula, haki yake kwetu ni nyepesi zaidi: tumwachie njia, tusimlishe, tusimdhulumu, wala tusijifanye kwamba tunajuana naye.

Tunamwomba Allaah Awahifadhi vijana wetu popote wanapotafuta halali, Awarejeshe kwa wazee wao wakiwa salama, Awarehemu waliotangulia kwa ajali hizi, Azipe subira familia zao, na Atujaalie kuwa wenye kuchunga amana ya kila chenye roho.

Wa Allaahu A'lam.